Bangili Tatu za Mazoezi: Ipi Bado Hai?

Bangili ya mazoezi haifi kama redio. Redio ikiharibika hunyamaza, na fundi akiifungua anaona kilichoungua. Bangili inaweza kuwa na betri nzima, skrini nzima na taa zote zinawaka, lakini ikawa haina kazi, kwa sababu seva iliyokuwa ikizungumza nayo ng'ambo ilizimwa miaka mingi iliyopita. Ndiyo maana swali ambalo wengi wetu huanza nalo, "inawaka?", lilipaswa kuwa la pili. La kwanza ni "hii ni ipi hasa?"

Vifaa hivi vinatufikia kwa wingi sasa. Vinakuja ndani ya mabegi ya ndugu wanaorudi likizo, vinakuja na mitumba, vinauzwa juu ya meza za mafundi simu pamoja na kava na waya za chaji. Karibu kila mara vinakuja bila boksi wala kitabu cha maelekezo, na mara nyingi bila chaja. Kwa uchambuzi huu nachukua bangili tatu ambazo jirani yangu aliletewa na mdogo wake anayeishi Uingereza. Zilikuwa chini kabisa ya boksi la nguo za watoto. Mama yake ameambiwa na daktari atembee zaidi kila siku, na swali la jirani lilikuwa moja: "Kaka, nimpe mama ipi?"

Ya kwanza ndiyo iliyovutia kuliko zote. Nyeusi, ngumu, haipindi kama mpira, na huoni tundu la chaji popote. Nilipobonyeza kifungio kikaachia, na mwisho mmoja ukatokeza pini bapa ya USB, ile inayoingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Hapo hapakuwa na haja ya kutafuta zaidi. Bangili inayoficha USB ndani ya kifungio chake na yenye nukta za taa kando ya mgongo ni Nike+ FuelBand, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Ilikuwa na taa nyeupe 100 za kuandika tarakimu na taa 20 za rangi zinazotoka nyekundu kwenda kijani kadiri mvaaji anavyokaribia lengo lake la siku.

Hilo lilinipa kanuni ninayoiamini hadi leo: angalia kwanza kifaa kinachajiwa vipi. Watengenezaji hubadilisha rangi, mkanda hata jina, lakini njia ya kuchaji ndiyo inayotofautisha kizazi kimoja na kingine kwa haraka. Ukivua kifuniko cha mwisho wa bangili ukakuta pini kama ya earphone, ya milimita 3.5, unayo Jawbone UP. Ilikuwa ikichomekwa kwenye tundu la earphone la simu ili kupeleka taarifa. Kiini kikichomoka kutoka kwenye mkanda wa mpira, na mwisho wake mmoja una vidoa viwili vya dhahabu, fikiria Xiaomi. Kama hakuna pa kuchajia kabisa, tafuta skrubu mgongoni, maana kifaa hicho kinatumia betri ya kidonge kama ile ya saa ya mkononi au rimoti ya gari.

Bangili ya pili ilikuwa ya aina hiyo ya kiini kinachochomoka. Mkanda ulikuwa umepauka na kupasuka, lakini kiini chenyewe kilikuwa safi: skrini ndogo nyeusi juu, kitufe cha duara cha kugusa chini yake, na mgongoni kidirisha cha taa ya kijani ya kupimia mapigo ya moyo. Maandishi ya mgongoni ni madogo mno na yana rangi karibu sawa na plastiki. Usiyasome kwa kuyamulika moja kwa moja. Laza tochi ubavuni ili mwanga upite juu ya maandishi kwa mshazari, kisha piga picha kwa simu na uikuze. Herufi zilizokuwa hazionekani zikajitokeza: XMSH04HM.

Hiyo ni Mi Band 2 ya Xiaomi, ya mwaka 2016. Namba hizo zina mpangilio unaosaidia. XMSH01HM ni ile ya kwanza ya 2014, isiyo na skrini, yenye vitaa vitatu tu. XMSH02HM ni 1S, iliyoongeza kipimo cha mapigo. XMSH05HM ni Mi Band 3, na XMSH07HM ni Mi Band 4, ya kwanza katika mfululizo huo kuwa na skrini ya rangi. Fitbit nao wana mpangilio wao unaoanza na FB: FB401 ni Flex, FB405 ni Charge HR, FB407 ni Charge 2.

Usipoona namba ya modeli, tafuta maandishi FCC ID. Kifaa chochote chenye redio kinachouzwa Marekani lazima kiidhinishwe na tume ya mawasiliano ya huko, na kila idhini ina namba yake. Herufi tatu au tano za mwanzo ni za kampuni: XRA ni Fitbit, IPH ni Garmin. Ukiandika namba hiyo yote kwenye kanzidata ya tume, ambayo iko wazi kwa mtu yeyote bila malipo, mara nyingi unapata picha za kifaa nje na ndani na kitabu cha maelekezo. Alama ya CE pekee haikusaidii. Ipo kwenye vifaa vya kila aina na haitaji jina la mtengenezaji.

Kuna kundi ambalo njia hii haiendi mbali nalo: bangili za bei ya chini zilizofanana na Mi Band na kuuzwa kwa majina kama M2 na M3. Nyingi hujidai kupima hata shinikizo la damu kwa taa ile ile ya kijani. Kwa hizo msimamo wangu ni mkali. Hatua zitakuwa za kukisia, na namba ya shinikizo la damu isitumiwe na mtu yeyote kuamua kumeza au kuacha dawa. Mwenye presha apimwe kwa mashine ya mkono yenye mfuko wa hewa.

Bangili ya tatu ilikuwa na skrini iliyofifia kabisa, isiyo na taa, na mgongoni kwa kiini skrubu nne ndogo. Garmin vívofit ya 2014. Hutumia betri mbili za kidonge aina ya CR1632, na ilitangazwa kuwa hudumu zaidi ya mwaka bila kuchajiwa. Skrini yake haizimiki: inaakisi mwanga wa mazingira kama skrini ya kikokotoo, kwa hiyo juani inaonekana vizuri, gizani huioni. Haina kipimo cha mapigo mkononi. Hiyo tuliimaliza haraka.

Baada ya kuzijua, ndipo tukaja kwenye umeme.

Mi Band 2 ina betri ya lithiamu ya 70 mAh, kidogo sana ukilinganisha na simu zenye 5,000 mAh. Betri ya namna hii ikikaa kabatini miaka mingi bila chaji, volti zake hushuka chini ya kiwango salama na kemia ya ndani huharibika. Kabla ya kuchomeka chochote, iangalie ubavuni. Kama kiini kimevimba, kioo kimenyanyuka au hakiketi tena ndani ya mkanda, safari imeishia hapo, usikichaji, usikitoboe. Chetu kilikuwa bapa. Chaja yake, kikombe kidogo chenye waya wa USB, tuliipata kwa fundi, lakini ilibidi twende na kiini mkononi: chaja ya Mi Band 1 haiingii kwenye 2, na ya 2 haiingii kwenye 3. Chomeka kwenye USB ya kompyuta au chaja ya kawaida ya volti 5. Kisha usikate tamaa mapema. Betri iliyoshuka sana hulishwa umeme kidogo kidogo mwanzoni, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda mrefu kabla ya kuonyesha dalili. Chetu kikawaka.

Sasa simu. Watu wengi hukwama hapa na kutangaza kuwa bangili imekufa. Kwenye Android, kuanzia toleo la 6, programu haiwezi kutafuta vifaa vya Bluetooth vya aina hii bila ruhusa ya mahali ulipo. Toleo la 12 ndilo lililoleta ruhusa ya pekee ya vifaa vilivyo karibu. Kwa hiyo kwenye simu ya zamani, kama umezima huduma ya mahali, orodha itakuwa tupu hata bangili ikiwa nzima. Pia bangili iliyokwisha kuunganishwa na simu nyingine haijitangazi. Kama mtoto wa nyumbani aliijaribu jana kwenye simu yake, Bluetooth ya simu hiyo izimwe kwanza.

Kuna programu ya bure ya kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norway, nRF Connect, inayoonyesha kila kifaa cha Bluetooth kilicho karibu, pamoja na jina lake na nguvu ya mawimbi yake. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi utaona orodha ndefu: spika, televisheni, earphone za majirani. Shika bangili uisogeze polepole kuelekea simu huku ukitazama namba za dBm. Vifaa vingine vitabaki palepale, lakini kimoja kitapanda kutoka karibu -85 hadi -50, hadi -40. Hicho ndicho chako. Chetu kilijitaja chenyewe, MI Band 2, na hapo maandishi ya mgongoni yakathibitishwa na kifaa chenyewe. Nasisitiza uthibitisho huu kwa sababu mkanda na kava hubadilishwa, hata stika hubandikwa upya, lakini jina linalotoka kwenye redio ni gumu zaidi kughushi kwa muuzaji wa kawaida.

Baada ya hapo ndipo linakuja suala lililo moyoni mwangu kuliko yote: nani anahifadhi hesabu ya hatua zako?

Bangili nyingi za kizazi hiki hazikuundwa kujitegemea. Fitbit, kwa mfano, iliunda mfumo ambao bangili hufunga taarifa zake kwa siri, simu huzipeleka kama tarishi hadi kwenye seva, na seva ndiyo inayozifungua na kukurudishia grafu. Seva ikifungwa, tarishi hana pa kwenda. Modeli za mwanzo za Fitbit, Classic ya 2009 na Ultra ya 2011, hazikuwa na Bluetooth. Zilipeleka taarifa kupitia kituo kidogo kilichochomekwa kwenye kompyuta. Google, iliyokamilisha kuinunua Fitbit mwaka 2021, iliondoa njia ya kompyuta mwezi Oktoba 2022. Ultra yenye betri nzuri bado itahesabu hatua kwenye skrini yake ndogo, lakini hesabu hiyo haina tena njia rasmi ya kutoka.

Na hii si habari ya kampuni moja. Jawbone ilifilisika mwaka 2017. Nike ilifunga huduma ya FuelBand tarehe 30 Aprili 2018. Pebble, saa iliyoanza kwa michango ya zaidi ya dola milioni 10 mwaka 2012, mali zake zilinunuliwa na Fitbit na seva zake zikazimwa katikati ya 2018. Microsoft ilifunga huduma ya Microsoft Band mwezi Mei 2019. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokufa kwa sababu vifaa vyote viliharibika.

Hapo ndipo FuelBand ya jirani yangu ilipoanguka. Tuliichomeka, taa zikawaka zote, kijani na nyekundu, nzuri hasa. Lakini saa na lengo la siku hupangwa kupitia programu ya Nike, na huduma hiyo haipo. Pointi zake, zilizoitwa NikeFuel, hazikuwa hata hatua; zilikuwa kipimo cha kampuni chenye maana ndani ya mfumo wa kampuni tu. Hukumu yangu: ni kumbukumbu ya kupendeza, isipelekwe kwa mama, wala isitolewe hata senti moja kuitengeneza.

Mi Band 2 ina bahati ya pekee. Programu yake rasmi, iliyoitwa Mi Fit na baadaye Zepp Life, inataka akaunti na intaneti. Lakini wapenzi wa teknolojia huria wameunda programu iitwayo Gadgetbridge, ambayo ilianza kwa ajili ya Pebble na kisha ikapokea vifaa vingine vingi. Haiombi akaunti, haipeleki chochote kwenye seva, na taarifa zote hukaa ndani ya simu. Huipati Play Store. Inapatikana kwenye hazina ya programu huria ya F-Droid. Kwa Mi Band 2 hauhitajiki ufunguo wowote kutoka kwa kampuni. Unaichagua kwenye orodha, bangili inatikisika, unagusa kitufe chake kukubali, basi. Kuanzia Mi Band 4 mambo yamekuwa magumu zaidi: lazima kwanza uiunganishe kwa programu rasmi, ukachukue ufunguo wa siri, ndipo uhamie Gadgetbridge. Kwa hiyo, kwa mtu anayetaka kifaa kisichotegemea hisani ya kampuni, modeli ya zamani ina faida kuliko Mi Band 4 na zilizoifuata. Wauzaji wengi hawalijui hili na huuza ya 2 kwa bei ya kutupa.

Je, inahesabu sawasawa? Mpe mtu aivae, atembee hatua 100 akihesabu kwa mdomo, mkono ukiwa huru. Tofauti ya hatua chache si tatizo. Kisha arudie akiwa amefanya anachofanya kila siku, maana kifaa cha mkononi hakioni miguu. Kinaona mkono ukiyumba. Mama anayebeba ndoo kichwani na kuishika kwa mkono ule ule wenye bangili atatembea umbali mrefu na kuandikiwa hatua chache. Anayesukuma mkokoteni vilevile. Suluhisho ni kuihamishia mkono mwingine au kutia kiini mfukoni.

Kwa mapigo ya moyo, taa ya kijani humulika ngozi, damu hunyonya sehemu ya mwanga huo, na kihisi husoma mabadiliko kila moyo unapodunda. Rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga wa kijani, na tafiti zimetofautiana juu ya kiasi gani hilo linavuruga kipimo kwa watu weusi. Kwa hiyo lijaribu mwenyewe: kaa umetulia, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, hesabu kwa dakika nzima, linganisha. Mkanda uliolegea huharibu kipimo, na ule wetu uliopasuka ulibadilishwa kabla ya jaribio hilo. Mkanda mpya wa Mi Band 2 ni rahisi kupata.

Na msisumbuke sana na lengo la hatua 10,000. Namba hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 na kampuni ya Yamasa, ambacho jina lake lilimaanisha hatua elfu kumi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 kuhusu wanawake wenye wastani wa umri wa miaka 72 uliona kuwa hatari ya kifo hupungua kadiri hatua zinavyoongezeka hadi karibu 7,500, kisha faida husimama. Kwa mama wa jirani, kinachohitajika ni kujua kama wiki hii ametembea zaidi kuliko wiki iliyopita. Kifaa cha 2016 kinalijibu swali hilo vizuri kabisa.

Lipo jambo moja zaidi linalofanya utambuzi uwe wa lazima hata kama huna haja na hatua. Baadhi ya modeli ziliitwa zirudishwe na watengenezaji wenyewe. Fitbit Force iliondolewa sokoni mwaka 2014 kwa sababu ya vipele vya ngozi. Basis Peak ya Intel iliitwa mwaka 2016 kwa kupata joto kupita kiasi. Fitbit Ionic, yenye namba FB503, iliitwa Machi 2022 baada ya ripoti za betri kupata moto na watu kuungua. Zilikuwa zimeuzwa takriban milioni moja Marekani peke yake. Saa ya namna hiyo ikikufikia kwa zawadi, usiivae na usiichaji, hata kama ni nzuri machoni.

Hukumu ya bangili zote tatu basi ni hii. FuelBand imekwisha. Mi Band 2 imekwenda kwa mama, ikiwa na mkanda mpya na Gadgetbridge kwenye simu ya mjukuu wake. Vívofit imewekewa betri mbili mpya na imebaki kwa jirani mwenyewe: inaonyesha hatua kwenye skrini yake, haidai umeme wa kila wiki, na huduma ya Garmin Connect bado inaendeshwa kwa atakayetaka kuweka kumbukumbu.

Ndugu zetu mlioko Ulaya, Ghuba na Marekani, mnapotufungashia vifaa hivi, fanyeni mambo mawili kabla ya kufunga boksi: futeni akaunti zenu kutoka kwenye bangili, na funganisheni chaja na kifaa chake kwa rababendi.